Baiskeli ya Umeme na Vani ya Bi Mwanaidi

Kwenye hitma ya Bi Mwanaidi, mwezi uliopita, walinipa kipaza sauti nikakosa la kusema. Ukumbi ulikuwa wa kukodi, pale Frogtown, mtaa wa Saint Paul, Minnesota, umejaa Watanzania wa dini zote mbili, na waliosema kabla yangu walisema vizuri. Mmoja alieleza alivyopokewa uwanja wa ndege akiwa na kandambili miguuni, Januari. Mwingine alisema marehemu alimlelea mtoto miezi minne ili yeye amalize masomo. Mimi nilitaja jina langu, nikasema alinisaidia sana nilipokuwa mwanafunzi, nikarudisha kipaza sauti na kuketi mbele ya sahani yangu ya pilau. Watu walidhani nimezidiwa na majonzi. Haikuwa hivyo. Nilipojaribu kumkumbuka, kitu cha kwanza kunijia kilikuwa hasira, mbichi kabisa, ya mwaka mmoja wa zamani, nikaona haya kuitoa mbele ya watu waliotoka kumwombea dua. Sasa niko mezani kwangu, Plymouth, watoto wako shule, nyumba imetulia, na naona afadhali niuandike mwaka ule kama ulivyokuwa, hata kama haunipendezeshi.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili Saint Paul, katikati ya miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nasomea uuguzi, na siku tatu kwa wiki nilifanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee huko Roseville. Nilipanga ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao, nyuma ya mgahawa wa Wavietnamu, pamoja na Mkenya aitwaye Wambui aliyekuwa akisomea uhasibu. Harufu ya mifupa ya ng'ombe iliyochemshwa usiku kucha ilipanda kwetu kila asubuhi, tukanywea chai yetu humo. Zamu yangu ilianza saa kumi na mbili alfajiri, na Jumapili basi la kwanza lilipita wakati wazee wameshakula. Kwa hiyo nilipanda vani ya Bi Mwanaidi. Alikuwa mwanamke wa Tanga, mjane, mkuu wa jiko pale pale kazini, na alituchukua wanawake wanne kila alfajiri. Hakuna aliyechagua kiti, alipanga yeye. Hakuna aliyekataa kitumbua; yeye alikuwa ameamka usiku kuvikaanga. Na hakuna aliyeweza kunyamaza, maana ukinyamaza aliuliza una nini, na ukisema una nini, siku ya pili ungekikuta kitu hicho hicho kinazungumzwa mji mwingine kabisa, Brooklyn Park, na watu usiowajua. Mtu anayekupa lifti hukupa na masikio yake, na mdomo wake pia. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na niliona kama maisha yangu yote yamo ndani ya gari lile, yamefungwa mkanda kwenye kiti cha nyuma.

Machi nilianguka mtihani wa udereva kwa mara ya tatu. Niligonga nguzo wakati wa kuingiza gari kinyumenyume, kama mara mbili za kwanza. Nilimwambia Wambui peke yake, na Bi Mwanaidi nikamwambia kwa kuwa aliniuliza na sikujua kudanganya mbele ya kitumbua. Kesho yake nilikwenda jikoni kazini kuchukua uji wa wazee. Yeye alikuwa upande wa pili wa rafu za sufuria, anazungumza kwenye simu, na wasaidizi wake wawili wako karibu wanakata matunda. "Yule wangu wa Tukuyu? Kaanguka tena," alisema, na wa Tukuyu nilikuwa mimi peke yangu. "Mara ya tatu. Wallahi, yule mpe punda, atamgongesha mti." Wasaidizi wakacheka, na kwenye simu nikasikia mtu mwingine akicheka. Nilisimama na trei mkononi mpaka uji ukafanya utando juu. Kisha nikatoka bila kuonekana, nikawalisha wazee wangu, na kabla zamu haijaisha nilikuwa nimeapa kwamba sitapanda tena gari la mtu.

Baiskeli ya umeme niliiona kwenye duka dogo karibu na soko moja kubwa la Roseville. Wakati ule zilikuwa chache, na watu walizitazama kama unavyomtazama mbwa aliyevaa koti. Mwenye duka, mzee mrefu wa sauti ya chini, aliniruhusu niizungushe kwenye maegesho. Nilipokanyaga pedali, kitu kilinisukuma taratibu kutoka nyuma, mfano wa mkono wa mtu anayekutakia mema, na nikaenda mbio bila kuhema. Haikuhitaji leseni niliyokosa. Haikuhitaji mtu. Nilimaliza akiba yangu yote siku ile, nikaiendesha hadi nyumbani nikitabasamu peke yangu barabara nzima ya Lexington, na nakiri kwamba nusu saa ile ndiyo furaha pekee niliyoipata kwa baiskeli ile.

Wambui aliizunguka mara mbili. "Hii ni pikipiki ama ni baiskeli?"

"Baiskeli ya umeme."

"Na umeme ukiisha?"

"Inabaki baiskeli."

Akajaribu kuinyanyua kwa usukani, gurudumu la mbele likakataa kuondoka chini. "Tupo," aliniita kwa jina, "hii si baiskeli. Hii ni friji iko na magurudumu. Si ungeng'ang'ana tu na hiyo driving test?"

Aliniudhi kwa sababu alisema kweli. Betri peke yake ilikuwa na uzito wa ndoo ya maji, na ilikuwa lazima niipandishe juu ichajiwe usiku kucha. Ngazi zetu zilikuwa kumi na tisa. Nilizijua moja moja. Nilipoichaji chumbani, Wambui akawasha kipasha joto chake, umeme wa ghorofa nzima ulikatika, na ilibidi mmoja wetu ashuke besimenti na tochi akainue swichi. "Tupo! Niko na exam kesho, na hiyo kitu yako imetuzimia stima tena!" Tukapanga zamu: yeye joto mpaka saa nne, mimi betri baada ya hapo. Lakini betri iliyoanza saa nne ilikuwa haijajaa saa kumi na moja. Na taa zake za kuonyesha chaji zilikuwa waongo. Zilikuwa tatu za kijani, na zilikaa zote tatu zikiwaka mpaka unafika katikati ya mlima, ndipo zikazima zote kwa pamoja. Umeme ukizima, gurudumu la nyuma, ambalo ndilo lenye mota, lilikuwa linakuvuta nyuma kama kwamba mtu ameketi juu yake. Nilifika kazini nimelowa jasho, nikabadilisha nguo chooni, na wazee wakaniuliza kama nje kunanyesha.

Siku ambayo kweli ilinyesha, mwezi wa Mei, baiskeli ilikufa kabisa kwenye mwinuko kabla ya barabara ya Larpenteur. Nilikuwa nimebakiza dakika ishirini. Msimamizi wetu alikuwa amekwisha kuniandikia onyo la kuchelewa mara mbili wiki ile. Nilisimama kando ya barabara maji yakinitiririka ndani ya kola, nikaifungua simu, na jina moja tu lilikuwa na gari. Nikalipigia. Bi Mwanaidi alifika kabla sijaweka simu mfukoni, maana alikuwa njia hiyo hiyo. Wale wanawake watatu walishuka mvuani, tukakilaza kiti cha nyuma, tukaisukumiza baiskeli ndani kama maiti ya ng'ombe, na mmoja wao akashindwa kujizuia kucheka. Nilingoja Bi Mwanaidi aseme neno. Nilikuwa na jibu tayari. Alinitazama kwenye kioo, akaniuliza tu, "Umekunywa chai?" Hapo ndipo nilipomchukia.

Tangu siku ile akaanza kunifuata. Nikitoka na baiskeli alfajiri, mtaa wa pili naona mwanga nyuma yangu, na vani inakuja polepole, taa zake za hatari zikipepesa, na wanawake wamenyoosha shingo madirishani. Nikiongeza mwendo, inaongeza. Nikisimama, inasimama. Madereva wengine walipiga honi. Nilijiona harusi, au jeneza. Siku ya nne nilishuka nikaenda kugonga kioo chake.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba, mwanangu. Imezima?"

"Haijazima. Naomba usinifuate."

"Sikufuati. Barabara ni moja."

"Kila mtu anatutazama."

"Wakutazame. Anayetazamwa hagongwi."

"Bi Mwanaidi, mimi si mtoto wako!"

Wanawake ndani ya gari waliacha kutafuna. Yeye aliinua mkono, akazima zile taa, akaingiza gia na kuondoka. Hakunifuata tena. Nilitaka ushindi nikaupata, na nakumbuka jinsi barabara ya Dale ilivyokuwa tupu asubuhi ile, na jinsi nilivyokuwa nikigeuka nyuma bila kujua natafuta nini.

Kiangazi chote nilikuwa mtu wa kurudi dukani. Mwenye duka hakunikatalia jambo hata mara moja. Alikuwa na ule upole wa Minnesota wa kukwambia hapana huku amekushikia mlango. Taa zinadanganya? Ajabu, alisema, hajawahi kusikia. Mota inalia? Inazoea barabara. Betri haifiki hata nusu ya safari iliyoandikwa kwenye boksi? Basi labda ni uzito wangu, au upepo, au ninaanza kwa kasi. Nilipaswa kuipa muda. Waranti ilikuwa ya kampuni, si ya duka, na kampuni ilikuwa namba ya simu yenye muziki. Nilisoma anatomia yote ya moyo nikiwa nimebana simu ile sikioni. Niliposhikwa na pancha ya nyuma, fundi alinieleza kwamba gurudumu lenye mota halifunguliwi hivi hivi, niache baiskeli siku tisa. Siku hizo tisa nilikwenda kazini kwa basi, na Jumapili nikatembea. Vani ilinipita. Tulipungiana mikono, kama watu wanaofahamiana kwa mbali.

Oktoba ilipokuja na baridi, betri ikapungua nguvu tena, mpaka ikawa inanifikisha kazini tu. Kurudi ilikuwa lazima niichaji. Nilimwomba msimamizi ruhusa ya kutumia umeme wa chumba cha mapumziko. Akasema hapana, kwa sauti nzuri. Basi nikawa naiingiza ndani ya mfuko wa nguo chafu, naipeleka stoo ya mashuka, naichomeka nyuma ya rafu ya taulo. Bi Mwanaidi aliniona siku moja asubuhi, natoka stoo na mfuko mtupu. Alitazama mfuko, akanitazama mimi, akaendelea na njia yake. Wiki ile ile, saa nne asubuhi, taulo ziliporomoka juu ya chaja, ikapata moto, na moshi mweusi wa plastiki ukajaza ukumbi wa mashariki. Kengele zikalia. Tuliwatoa wazee arobaini na kitu nje kwenye nyasi zenye sakitu ya umande ulioganda, wengine kwenye viti vya magurudumu, wengine wakiwa na gauni za kulalia tu. Moto haukuwepo, moshi tu, lakini walikaa nje karibu nusu saa, na bibi mmoja niliyempenda sana, ambaye kila siku alinifundisha maneno ya Kinorwei, alitetemeka mpaka meno yake ya bandia yakagongana.

Nilimsogelea Bi Mwanaidi. Alikuwa amepiga magoti anamfunga bibi yule blanketi miguuni. "Wakikuuliza," nikamnong'oneza kwa Kiswahili, "sema betri ni ya wale mafundi wa mabomba waliokuja jana. Tafadhali. Nikifukuzwa nitakosa ada, nitarudishwa nyumbani." Alimaliza kufunga blanketi, akamfuta yule bibi kamasi kwa leso yake mwenyewe. Baada ya saa moja tuliitwa ofisini sote tulioingia stoo asubuhi ile, na Bi Mwanaidi akiwamo, maana alifuata vitambaa vya meza. Msimamizi akauliza betri ni ya nani. Wenzangu wakatazamana. Kisha Bi Mwanaidi, kwa Kiingereza chake cha kukata kata, akasema, "Ni ya Tupo. Mimi nilijua, nikanyamaza. Tuandike wote wawili."

Nilisimamishwa kazi wiki mbili. Yeye alipewa barua ya onyo, ya kwanza katika miaka yake yote pale. Leo, mimi mwenyewe nikiwa msimamizi wa wauguzi, najua kwamba ningemfukuza yule msichana bila kufikiri mara mbili, na kwamba kilichoniokoa ni yeye kujiweka pembeni yangu. Wakati ule sikuona hivyo. Niliona mtu aliyenisema jikoni na sasa kanisema ofisini. Wambui alijaribu kunituliza. "Lakini Tupo, ulitaka auntie adanganye juu ya moto?" Nikamwambia moto haukuwepo. "Sawa," akasema, "moshi." Tukakosana naye siku mbili.

Niliporudi kazini nikarudi na baiskeli na chaja mpya, kwa ukaidi mtupu. Asubuhi iliniendesha, mchana niliikanyaga mwenyewe. Kisha ikaja siku ya theluji ya kwanza, ambayo redio ilisema itakuwa kidogo. Nilipotoka saa nane mchana ilikuwa imefika vifundo vya miguu. Baada ya nusu maili tu mnyororo ukaganda ukakatika. Basi halikubali kubeba kitu kizito vile, na kuiacha pale niliona ni sawa na kutangaza kushindwa. Simu ilikuwa mfukoni, ina chaji. Sikuitoa. Niliisukuma ile baiskeli kutoka Roseville hadi Frogtown kwa muda wa saa mbili na zaidi, nikiwa na raba za kazini, nikilia kwa hasira na machozi yananiuma mashavuni. Magari mawili yalisimama kuniuliza kama nahitaji msaada. Nikayajibu kwamba niko salama.

Sijui Wambui alipiga simu lini. Niliketi jikoni bila kuhisi vidole vya miguu, na mlango ukafunguliwa, Bi Mwanaidi akaingia na viatu vyake vya theluji, hakuvivua, akaenda moja kwa moja kujaza karai maji ya vuguvugu. Akaweka sufuria ya uji wa mtama juu ya jiko, akaanza kukoroga amenipa mgongo.

"Kwa nini hukunipigia simu?"

"Ungenicheka."

"Kukucheka ningekucheka," alisema. "Kwani nisikucheke? Mtu mzima, msomi, anaburuta chuma kwenye theluji. Ningekucheka mpaka mlangoni kwako. Lakini ningekuja."

"Nilikusikia," nikasema. "Jikoni, mwezi wa tatu. Habari ya punda."

Mwiko ukasimama. Wambui, aliyekuwa mlangoni, akarudi chumbani kwake taratibu.

"Nilisema," Bi Mwanaidi alijibu. "Nilisema, watu wakacheka, na mimi nikafurahi kuona wanacheka. Mdomo wangu ni mbaya. Hata marehemu mume wangu alikufa ananiambia. Nisamehe." Akakoroga kidogo. "Ila na punda naye nimemwonea. Hakukosa kitu."

Nilitaka kucheka nikakataa. Yeye akageuka, na kwa mara ya kwanza nikamwona uso wake umechoka, wa mwanamke aliyeamka saa tisa kukaanga.

"Na wewe ulinitaka niseme uongo, wale wazee wamesimama nje na nguo za kulalia."

"Ndiyo."

"Basi tumelingana."

"Hatujalingana."

"Haya," akasema, akasukuma karai kwa mguu. "Hatujalingana. Tia miguu humu."

Nilirudi kwenye vani. Haikuwa raha. Aliendelea kupanga viti, na mdomo wake ulitulia wiki moja tu, ila alipokuwa akitaka kuzungumza habari zangu alinitazama kwanza kwenye kioo, na mara nyingine nilitikisa kichwa, naye akameza. Duka la baiskeli lilifungwa kabla ya Pasaka, na namba ya kampuni haikuwa hata na muziki tena. Wambui aliitoa baiskeli besimenti, akaiweka kando ya barabara na kipande cha boksi kilichoandikwa kwamba ni bure. Kufika adhuhuri ilikuwa imechukuliwa, na sikutaka kujua na nani. Jumapili mchana, baada ya zamu, Bi Mwanaidi alinipeleka kwenye maegesho ya soko la Roseville, akapanga ndoo zake mbili za jikoni kama nguzo, akanifundisha kurudi nyuma. Alipiga kelele mpaka watu wakatutazama. Mara mbili nilishuka nikamwachia gari katikati ya maegesho. Mara mbili alinisubiri, injini ikinguruma, mpaka nikarudi.

Mwezi wa nne nilifaulu, kwa alama chache kuliko mtu yeyote ninayemjua. Mtahini aliposhuka, Bi Mwanaidi alitoka kwenye chumba cha kungojea, akaisoma karatasi yangu pande zote mbili ingawa upande mmoja haukuwa na kitu, kisha akaenda kuketi kiti cha abiria. Alishika mpini wa mlango kwa mikono miwili. Punguza, alisema. Ongeza. Washa taa ya kugeukia. Huyo kijana na mbwa umemwona? Nilikuwa nimeuma meno, na nilitaka sana kumwambia kwamba karatasi ni yangu na ina jina langu. Badala yake, tulipofika kona ya Dale, sikugeuka. Nikanyoosha.

"Mwanangu, umepita kwenu."

"Najua."

"Tunakwenda wapi?"

"Sijui."

Aliachia mpini. Akajirekebisha kitini, akaupanga ushungi wake, akaangalia mbele kama mtu mwenye safari ndefu.

"Haya," alisema. "Basi tazama kioo. Una lori nyuma yako."

Nikatazama. Kweli, lilikuwepo.